Kaka wa Kwenye Fomu

Siku Mstari alipoondoka ilikuwa Jumanne. Walimuaga kwenye mlango wa nyuma wa duka, pale malori yanaposhushia mizigo, saa nne kasoro dakika chache asubuhi, wateja wakiwa bado wachache. Msimamizi wa zamu aliwapa dakika kumi, akasimama pembeni akiitazama saa yake kama mtu anayechemsha mayai.

Mstari alikuwa na begi moja na bahasha ya uhamisho. Sare yake ya kijani alikwisha kuirudisha stoo, na shati la nyumbani lilimfanya aonekane mgeni, mtu aliyekuja tu kuuliza bei. Wapakiaji walimpiga mabegani. Mlinzi wa lango alimwambia huko aendako asisahau ni wapi alipofundishwa kazi. Yule dada wa kupima matunda, ambaye duka zima lilimwita Mizani, alimkumbatia mbele ya kila mtu, akalia hadi kofia yake ikadondoka. Hakuna aliyemshangaa. Mizani alikuwa ametangaza tangu mwaka jana kwamba mwanamume huyu ni wake, ila yeye mwenyewe tu ndiye hajaambiwa.

Wa mwisho kumuaga alikuwa dada yake. Watu walimpisha, kama inavyostahili. Dada huyu alikuwa keshia wa kaunta ya nne, na kwa miaka minne jina lake la kweli lilibaki kwenye karatasi ya mshahara tu. Kazini aliitwa Kaunta Nne, na waliomzoea walimwita Nne.

"Haya, kaka," alisema Nne. "Safari njema."

"Haya, dada. Mwangalie Mama."

Alimpa mkono, akauachia upesi, maana ndugu hawashikani mikono kwa muda mrefu. Kola ya shati la Mstari ilikuwa imekunjika upande mmoja. Nne akainyoosha, kwa kuwa hilo dada anaruhusiwa, na ncha ya kidole chake ikagusa shingo yake chini ya sikio, mahali palipokuwa na joto. Mstari alimtazama. Halikuwa jicho la kaka, na Nne aliogopa kwamba mlinzi ataliona, au Mizani, au yule wa mayai. Hakuna aliyeliona. Watu huona walichokwisha kuambiwa.

Walipokuwa wakirudi ndani Mizani alimshika kiuno. "Wifi yangu, usilie peke yako," alimwambia. "Tutamlilia wote. Wewe kama dada, mimi kama mke."

Nne alisema sawa, wifi. Akaenda kukaa kwenye kaunta yake, akasoma bei za sukari, viberiti na nepi za watoto hadi saa kumi na moja, na hakumkosea mteja hata mmoja chenji. Hilo ndilo lililomtisha alipofika nyumbani. Mikono yake ilikuwa imefanya kazi siku nzima bila kuambiwa kwamba Mstari ameondoka.

Mstari hakuwa kaka yake.

Miaka miwili kabla ya hapo kampuni ilibandika tangazo la nafasi ishirini za watu wa kuanzia: wapakiaji, wapanga rafu, wasafishaji. Ilikuwa kampuni yenye matawi katika kila mji mkubwa, na tangazo halikumaliza siku mbili kabla foleni haijatoka langoni, ikapita kituo cha mafuta, ikakunja kona. Watu walisimama na bahasha za kaki kifuani. Walikuwepo waliomaliza chuo wakiomba kazi ya kupiga deki. Wakubwa walipoona bahasha zimewazidi kimo, walitoa utaratibu: kila mfanyakazi mwenye rekodi safi aruhusiwe kupendekeza ndugu mmoja wa damu, na bahasha ya huyo isomwe kwanza. Ndugu mmoja, mara moja tu.

Nne alikuwa na kaka. Alimzidi miaka sita, na tangu baba yao afariki ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba. Nyumbani waliitana kwa mpangilio wa kuzaliwa, naye aliitwa Kaka Mkubwa. Alikuwa fundi wa mtambo wa kuchapisha magazeti hadi kiwanda kilipofungwa, na mikono yake bado ilikuwa na wino kwenye mistari ya viganja ambao sabuni ilishindwa kuutoa. Nne alimletea fomu mara tatu. Mara ya kwanza Kaka Mkubwa alicheka. Mara ya pili aliuliza mshahara, na alipotajiwa akasema huo ni mshahara wa kununulia soksi, tena za mguu mmoja. Mara ya tatu alivaa viatu akatoka bila kujibu.

Siku ya mwisho fomu ilikuwa bado kwenye mkoba wa Nne, tupu. Ua wa pili kutoka kwao aliishi mama mmoja mgonjwa wa moyo na mwanawe wa kiume, mtu wa salamu na kichwa chini. Yule mama alikuwa amemwambia Nne, siku alipokwenda kuazima pasi, kwamba akisikia kazi yoyote asimsahau mwanawe. Nne alikaa kwenye ngazi za stoo wakati wa mapumziko, akaandika jina la mwana huyo. Alipofika penye mstari wa uhusiano akaandika: kaka. Ilikuwa huruma tu, pamoja na hasira kidogo kwa yule wa nyumbani.

Mwana huyo mwenyewe aliujua ukaka wake siku ya kwanza ya kazi, pale msimamizi wa zamu alipomwambia, "Kumbe wewe ndiye kaka wa Nne. Mbona hamfanani?"

Alifikiri kidogo. "Mimi nilimfuata baba," akajibu.

Nne aliyasikia hayo kutoka kwenye kaunta, akainamisha uso ndani ya droo ya pesa ili asionekane akicheka.

Kijana huyo alipewa rafu ya sabuni. Katika maduka ya aina ile kuna kazi inayoitwa kuvuta mbele. Kila asubuhi mpanga rafu huvuta bidhaa zilizobaki nyuma, akazisogeza hadi ukingoni, uso wa kila paketi ukimtazama mteja, ili rafu ionekane imejaa hata kama nyuma yake ni upepo mtupu. Wengi huifanya kazi hiyo kwa kiwiko. Yeye aliifanya hadi ukiweka rula hupati kosa, na ndipo wakamwita Mstari.

Rafu ya sabuni haikuwa na ubao nyuma, na iliangaliana na kaunta ya nne. Mstari akivuta paketi ya mbele, na ile ya upande wa pili ikiwa imenunuliwa, palibaki tundu, na kwenye tundu hilo alionekana Nne akifungua karatasi mpya ya risiti. Mwanzoni ilikuwa bahati. Baadaye Mstari akawa anaiacha paketi ile hadi mwisho, na Nne akawa anajua muda wake. Kwa miezi mitano walitazamana kwa upana wa paketi moja ya sabuni, bila neno.

Neno lilikuja barabarani. Kwa kuwa walikuwa ndugu na walikaa mtaa mmoja, hakuna aliyeuliza kwa nini wanarudi pamoja kila jioni. Undugu wa karatasi uliwapa njia hiyo, wakaitembea polepole kuliko wazee. Jioni moja, mbele ya duka la fundi viatu, Mstari alisimama akamwambia kwamba ana jambo zito la kumwambia dada yake. Nne akamwambia aseme. Akasema, hilo ndilo jambo lenyewe, kwamba hawezi tena kumwita dada.

Wakaendelea kuitana hivyo hivyo, mbele za watu, mwaka mzima na zaidi. Utaratibu wa kampuni ulikuwa wazi: aliyedanganya undugu anaondolewa. Na foleni ya langoni haikuwahi kupungua.

Kisha likaja tawi jipya. Lilikuwa katika mji wa mbali ambako viwanda vilikuwa vimeota kama uyoga, na vijana wote wa kule walikimbilia viwandani. Duka lilifunguliwa kwa mbwembwe, halafu likakosa watu wa kulijaza. Matangazo yalibandikwa, yakapigwa jua, yakabanduka. Kampuni ikapandisha mshahara wa kuanzia kwa tawi lile peke yake, hadi mtu anayeingia leo, hajui hata toroli linafungwaje, akawa anamzidi Nne mwenye miaka minne kwa theluthi nzima. Bado hawakutosha. Ndipo wakaomba wa kujitolea kuhama, na Mstari akainua mkono. Dawa za mama yake zilikuwa zimepanda. Na alitaka, alimwambia Nne, siku wazee wake watakapopiga hodi kwao, wasipige hodi mikono mitupu.

Walikubaliana hivyo wakiwa na akili zao timamu. Lakini kukubaliana ni jambo moja, na jioni ya Jumatano kurudi nyumbani peke yako ni jambo jingine. Nne aligundua kwamba anatembea ukingoni mwa barabara, amemwachia mtu nafasi upande wa ndani. Kesho yake akajikaza atembee katikati. Alipofika kwa fundi viatu alikuwa amerudi ukingoni.

Mpanga rafu mpya alikuwa mtu wa haraka. Sabuni zilisimama kama watu wanaosubiri kugombana, nyingine zimegeuka mgongo. Tundu lilikuwepo bado. Nne alilitazama kila asubuhi, na kilichoonekana upande wa pili kilikuwa sehemu ya tangazo la bei.

Jioni alipitia ua wa pili kumpa mama wa Mstari dawa zake. Yule mama alimkaribisha kwa jina la mwanangu, akamsimulia habari za utotoni mwa Mstari ambazo Nne alikwisha kuzisikia, na Nne aliomba asimuliwe tena. Kwenye kamba ya nguo ndani kulikuwa na fulana moja ya Mstari iliyosahauliwa. Ilikuwa imekauka zamani. Hakuna aliyeianua.

Simu walipigiana wakati wa chakula cha mchana. Mapumziko ya Nne yalikaribia kwisha pale ya Mstari yanapoanza, kwa hiyo walikuwa na dakika saba, kumi kama msimamizi alikuwa na wageni. Nne alikaa kwenye ngazi zile zile za stoo. Mstari alimweleza kwamba kule anapanga rafu sita peke yake, kwamba kaunta tatu zimefunikwa turubai kwa kukosa watu, kwamba meneja huwasalimia wafanyakazi kwa heshima hadi wanaona haya. Walilala wanne chumba kimoja, ilhali vyumba vya wenye familia vilikuwa tupu safu nzima.

Mwezi wa tatu tangu aondoke, Mstari alimpigia na sauti yake ilikuwa na haraka.

"Wametoa fomu," alisema. "Anayetaka chumba cha familia aandike jina la mke, au mchumba. Mwisho wa mwezi wanagawa kwa wengine."

"Umeandika?"

"Nimejaza zote. Nimeacha mstari huo."

Nne alisikia nyuma ya Mstari sauti ya maboksi yakishushwa.

"Nikiandika jina lako," Mstari akaendelea, "kompyuta yao itaniambia nimeandika dada yangu. Nimewaza niache kazi, nirudi, tuanze na moja."

"Urudi uanze na moja wapi? Kwenye foleni?"

"Hata kwenye foleni."

"Mama yako anameza nini ukiwa kwenye foleni?"

Mstari alisema kwa sauti ya chini, "Jana nilivuta sabuni mbele, nikaacha tundu. Nikaona mtu amekaa kaunta, nikasahau niko wapi. Nikasimama pale kama nguzo. Mteja akaniuliza kama naumwa."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ndiyo."

Dakika zikaisha.

Jumapili mchana, wakiwa wamekwisha kula, Nne aliwaambia nyumbani. Mama yake alikuwa akishona kifungo cha shati, na Kaka Mkubwa alikuwa sakafuni akifungua feni ya jirani, skrubu amezipanga kwenye sahani. Nne alisema kuna mtu anataka kuleta wazee wake, na akamtaja.

"Yule wa ua wa pili?" Mama aliuliza. "Anayepanga sabuni?"

"Huyo huyo, Mama."

"Si ndiye mliyekuwa mkienda naye kazini na kurudi naye?"

"Ndiye."

Mama akaukata uzi kwa meno. "Basi nimekuwa kipofu wa kujitakia," alisema. Akaanza kueleza, bila kupandisha sauti, kwamba hana ugomvi na yule mtoto, tena ana adabu, lakini mshahara wa duka anaujua, kwa kuwa miaka minne amekula huo huo, na wawili wa mshahara ule wakiweka vyungu vyao pamoja hawapati chungu kimoja kilichojaa. Alitaka kuendelea, Kaka Mkubwa akamkatiza.

"Yule aliingiaje pale?" aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye feni.

Nne alijua swali hilo litakuja. "Nilimpendekeza mimi. Ile nafasi ya ndugu."

"Uliandika ni nani wako?"

"Kaka."

Kaka Mkubwa aliweka bisibisi chini taratibu, kama kitu cha kioo.

"Nilikuomba mara tatu," Nne alisema. "Ulisema mshahara wa soksi."

"Nilisema. Sikatai kwamba nilisema." Alikuwa akizitazama skrubu. "Mwaka jana, mwezi wa sita, nilikwenda pale langoni."

Mama aligeuka. Hakuna kati yao aliyejua habari hiyo. Kaka Mkubwa aliwasimulia kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Alikuwa amenyoa, amevaa koti la baba, ametoka asubuhi mapema akisema anakwenda kumwona rafiki. Alitaka apate kwanza, ndipo aje kusema. Alisimama foleni hadi saa saba. Mezani akaulizwa kama ana ndugu ndani, akasema anaye, dada yake wa tumbo moja, keshia wa kaunta ya nne. Karani akafungua jalada, akatazama.

"Akaniambia, kaka wa yule tunaye, anapanga rafu humo ndani. Wewe ni wa pili leo kujifanya ndugu wa mtu." Kaka Mkubwa alisugua kiganja kwa kidole gumba, pale penye wino. "Akachukua kalamu nyekundu akaandika juu ya bahasha yangu. Muongo. Akalisoma kwa sauti wakati analiandika. Waliokuwa nyuma yangu wakacheka."

"Kwa nini hukuniambia?" Nne aliuliza.

"Nikuambie nini? Nilidhani umenikana. Nilisema moyoni, nilimcheka, na yeye amewaambia hana kaka mwingine. Nikaona ni haki yako."

"Kaka."

"Sasa unataka niwapokee wazee wake." Aliinua macho, na Nne akatamani asingeyainua. "Niwapokee nikiwa nani? Kwenye karatasi zenu mimi sipo. Kwenye karatasi zenu, kaka yako ndiye anayekuoa."

Mama alicheka kidogo bila kutaka, akafunika mdomo kwa lile shati, na mabega yake yakaendelea kutikisika hata baada ya kicheko kuisha. Kaka Mkubwa alirudi kwenye feni.

Nne aliingia chumbani akakaa kitandani hadi giza likaanza. Alikuwa amezoea kudhani uongo wake umemfungia yeye na Mstari tu. Alimwona kaka yake ndani ya koti la baba, ambalo mikono yake ilikuwa mifupi, akisimama kutoka alfajiri hadi saa saba ili aje kusema kitu kizuri nyumbani. Kisha alimwona amerudi, amekaa kula nao siku ile ile, akimwuliza kazi ilikuwaje.

Afisa wa wafanyakazi aliitwa Mama Utumishi, mwanamke mnene wa miwani yenye kamba, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumsahau mtu yeyote siku yake ya kuzaliwa. Ofisi yake ilikuwa juu ya stoo. Nne alipanda Jumatatu kabla ya zamu, akasema yote bila kukaa: fomu, neno aliloandika, na yule aliyesimama langoni mwezi wa sita.

Mama Utumishi alinyanyuka akafunga mlango.

"Sijasikia," alisema. "Ulikuja kuomba sare mpya, nikakuambia hazijafika. Shuka ukafungue kaunta yako."

"Mama, nataka iandikwe."

"Mwanangu, geuka nyuma yako."

Nne akageuka. Nyuma ya mlango kulikuwa na maboksi ya ndizi manne, na yote yalijaa bahasha za kaki hadi juu.

"Hizo ni za mwezi huu tu, na hatujatangaza nafasi hata moja," Mama Utumishi alisema. "Kiti chako hakitapoa. Ukitoka hapa saa mbili, saa sita kuna mtu amekikalia, tena ana shahada."

"Na Mstari?"

"Yule nani atamgusa? Kule wamefunika kaunta kwa turubai. Atapewa barua ya onyo, na meneja wake ataomba radhi kwa kumpa."

"Kwa hiyo kosa ni moja," Nne alisema, "ila mimi niko mahali penye watu wengi."

Mama Utumishi alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Ndiyo ilivyo. Sikuipanga mimi." Akangoja, labda Nne atabadili mawazo. "Anakustahili, huyo kijana?"

Nne aliomba bahasha ya kaka yake.

Ilichukua nusu saa kupatikana, maana za mwaka jana zilikuwa chini ya ngazi, zimefungwa kamba. Neno lilikuwa pale, jekundu, limeandikwa na mtu mwenye mwandiko mzuri. Mama Utumishi alilikata kwa mstari mmoja, akaandika pembeni kwamba mwombaji alisema kweli, akatia sahihi na muhuri. Kisha akavuta karatasi nyingine, ya kumwachisha Nne kazi, na hiyo ilimchukua muda mfupi zaidi. Aliyeondolewa kwa kosa lile hapokelewi katika tawi lolote hadi ipite miezi kumi na miwili.

Habari ilishuka ngazi kabla yake. Mizani alikuwa amesimama kwenye kaunta ya nne, mikono kiunoni, wakati Nne anakusanya vitu vyake: kikombe, kandambili, kalenda.

"Kwa hiyo sikuwa na wifi," Mizani alisema.

"Hukuwa naye. Nisamehe."

"Na salamu zangu zote nilizokuwa nakupa?"

"Nilizifikisha."

"Zote?"

"Zote. Hata ile ya kwamba ana masikio mazuri."

Mizani aliuma midomo. "Akasemaje?"

"Alisema wewe ni mtu mwema."

"Hilo mtu huambiwa akishakosa," Mizani alisema. Akamtazama Nne kwa muda, hasira ikijaribu kusimama na ikishindwa miguu. Mwisho alikichukua kikombe mkononi mwa Nne, akakifunga kwenye gazeti ili kisivunjike, akamrudishia, akaenda kwenye matunda yake bila kugeuka.

Mstari alipigiwa mchana huo, akaambiwa yote. Alisema anapanda basi. Nne akamwambia asipande. Sasa mshahara uliobaki ni wa kwake, wa kulisha nyumba mbili, na mama yake ana dawa za asubuhi na jioni. Alimwuliza kuhusu ule mstari aliouacha.

"Niuandike?" Mstari aliuliza.

"Uandike."

"Subiri, usikate." Akasikika akitafuta kalamu, akiazima kwa mtu. "Nimeandika mchumba. Nimeandika na jina lako lote, lile la kwenye karatasi ya mshahara. Sijawahi kuliandika kabla. Ni refu."

Siku hiyo hawakubanwa na dakika saba. Nne hakuwa na zamu ya kurudia, na aliendelea kukaa kwenye ukuta wa kituo cha mafuta, simu sikioni, hadi Mstari alipoitwa upande wake mara tatu.

Nyumbani aliweka ile bahasha mezani mbele ya Kaka Mkubwa. Kaka Mkubwa alilitazama lile neno lililokatwa, akasoma kilichoandikwa pembeni, akakisoma tena. Kisha akasoma ile karatasi ya pili, ya kuachishwa kazi, ambayo Nne hakukusudia aione. Mama alisimama mlangoni na kitambaa mkononi.

"Ungeniacha na uongo wangu," Kaka Mkubwa alisema. "Nilikuwa nimeuzoea."

"Mimi sikuwa nimeuzoea wangu."

Akaikunja bahasha katikati, akaifungua tena, akailaza juu ya meza na kuipiga pasi kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya na karatasi za kiwandani.

"Baba mdogo wa huyo mchumba wako bado yuko kule kijijini kwao?" aliuliza.

"Yuko."

"Atakuja na nani?"

"Na mama yake Mstari."

"Waje Jumapili," Kaka Mkubwa alisema. "Wasije mapema. Nina mtu nataka aninyoe."

Mama alirudi jikoni, na muda mrefu hakukusikika huko sauti ya chombo chochote.

Wazee wa Mstari wanafika Jumapili hii saa nane mchana. Kaka Mkubwa ndiye atakayewapokea. Mstari mwenyewe hatakuwepo, kwa kuwa tawi lile bado lina upungufu wa watu, na Jumapili yuko zamu.